Maji ya Chumvi kwenye Rejeta

Gari jeusi la mkurugenzi lilipoingia karakana asubuhi, Shangazi alikuwa na chungu nzima ya kazi, amelala chini ya lori la mchanga, na miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vimeelekeana kama watu wanaosengenya. Hakuhitaji kutoka ili ajue kilichokuja. Alisikia feni ikizunguka kwa pupa wakati injini yenyewe ikinguruma polepole, na hapo akajua kwamba ndani ya gari hilo kuna mtu anamhangaisha mwenzake.

"Zima," alisema kutoka huko chini. "Inachemsha?"

"Haichemshi, Shangazi," dereva akajibu. "Inamwaga."

"Inamwaga, na haichemshi?"

"Ndiyo hivyo."

Akajivuta nje, akakaa kitako, akavaa miwani yake iliyoning'inia kifuani kwa kipande cha waya. Watu wote walimwita Shangazi, pamoja na wanaume waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Sifa zake alizijua, na alizitaja mwenyewe ili kuwapunguzia watu kazi. Kwa mambo ya injini kupoa na kuchemka, alisema, hapa mjini yuko yeye, halafu hakuna mtu, halafu hakuna mtu tena, ndipo wanakuja wengine.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Alifungua boneti, na Shangazi akainama kutazama. Mle ndani mlikuwa safi kuliko jikoni kwa watu wengi. Vishikizo vya mipira ya kupitishia maji vilikuwa vimekazwa vyote upande mmoja, vichwa vinatazama juu, ili mtu akitaka kuvifungua asihangaike. Hilo ni jambo dogo ambalo hakuna anayelifanya. Shangazi alimpenda mtu yule hapo hapo, kama fundi anavyompenda mtu anayejua kutunza kitu.

"Nani alikaza hivi?"

"Mimi."

"Basi karibu. Kaa, uniambie."

Tatizo lilikuwa kwenye chupa ya akiba, ile ya plastiki inayokaa kando ya rejeta ili kupokea maji yanapopanuka kwa joto na kuyarudisha injini inapopoa. Chupa hiyo ilikuwa ikifurika. Gari likiwa limesimama nje ya ofisi, maji yalijaa, yakapanda, yakamwagika, yakatengeneza kidimbwi mbele ya ngazi ambapo wageni wa mkurugenzi hushukia. Karakana nyingine zilikuwa zimebadilisha kifuniko cha rejeta, zikabadilisha thamostati, zikabadilisha mipira, na moja ikabadilisha hata pampu ya maji iliyokuwa nzima. Gari lilitoka kila karakana likiwa kavu, na likafika ofisini likimwaga.

"Na wewe mbona uso wako hivyo?" Shangazi aliuliza. "Gari si lako."

Dereva akatazama viatu vyake. Mama yake alikuwa mgonjwa, mbali, safari ya basi ya usiku kucha, na alikuwa akimwulizia yeye tu. Aliomba ruhusa. Mkurugenzi akamjibu vizuri, kwamba atakwenda mara tu gari litakapopona, kwa kuwa dereva wa muda hataweza kulielewa gari linalomwaga ovyo.

"Kwa hiyo likipona leo?"

"Jioni napanda basi."

"Basi nenda kakae pale kwenye benchi, unywe chai," Shangazi alisema. "Leo unasafiri."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa hajawahi kushindwa. Na benchi lilikuwa desturi ya karakana zote za mtaa ule. Mteja hukalishwa mbali, kivulini, na kikombe mkononi, kwani mteja akisimama juu ya kichwa cha fundi huuliza maswali mpaka spana inateleza. Ilikuwa heshima kwa mteja na nafuu kwa fundi.

Kwanza alingoja injini ipoe. Alikuwa na kovu pana mkononi tangu ujana wake, siku alipofungua rejeta ya moto ili kumwonyesha mchumba kwamba haogopi. Mchumba huyo ndiye mume wake sasa, mchomeleaji wa karakana, na bado humtania kuhusu jambo hilo. Injini ilipopoa, alifunga pampu ndogo ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, akaujaza mfumo upepo, akatazama mshale wa geji. Gari linalovuja, hata kwa tundu la sindano, mshale wake hushuka taratibu. Huu ulisimama. Alikwenda kula ndizi, akarudi, akaukuta pale pale.

Alinyunyiza poda ya watoto juu ya mipira na maungio yote, kwa sababu maji yakipita juu ya poda huacha njia. Alitandika shuka jeupe chini ya gari ili kusoma matone. Kila kiungo cha gari kina mahali pake pa kudondokea na rangi yake, na Shangazi aliweza kulisoma shuka kama wengine wanavyosoma gazeti. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto. Akachomoa kijiti cha oili akakuta oili nyeusi, safi, isiyo na rangi ya maziwa, maana yake maji hayakuwa yakiingia humo. Akanusa moshi wa nyuma. Akachungulia rejeta kutafuta mapovu yanayoonyesha kwamba gasketi ya silinda imeungua. Hapakuwa na povu. Alifanya haya yote bila haraka, akihama upande mmoja hadi mwingine, vidole vyake vikigusa kila kitu mara moja tu na kukiacha kikiwa kimejulikana. Poda ilibaki kavu. Shuka lilibaki jeupe.

"Gari hili ni zima kabisa," alimwambia mume wake, kwa hasira.

"Basi mrudishie mwenyewe."

"Nimrudishie nini? Zima na linamwaga. Kuna kitu sijakiona, mzee, na mimi sipendi kitu ambacho sijakiona."

Alitaka kuisikiliza injini ikiwa kwenye mwendo, lakini mume wake alikuwa amevaa kofia ya kuchomelea na hakutaka kusumbuliwa. Kwa hiyo akamwita dereva kutoka kwenye benchi.

"Ingia ndani unikanyagie mafuta. Taratibu, usipandishe kwa fujo."

Dereva akaingia, akakaa, akafunga mkanda kwa mazoea. Injini ikapanda vizuri. Shangazi akainama juu ya chupa ya akiba. Ndipo simu ya dereva ilipoita, naye akaipokea bila kutoa mguu kwenye mafuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya anachoagizwa.

"Kaka," sauti ya mwanamke ilisikika. "Leo amekataa uji. Anasema atakunywa ukija."

"Mwambie nakuja."

"Lini?"

"Gari ikipona tu, dada. Niko kwa fundi hapa. Mwambie ni mtu hodari sana huyu."

Maji yalianza kupanda kwenye chupa. Yalipita alama ya chini, yakapita alama ya juu, yakafika shingoni, yakamwagika ubavuni na kukata njia safi katikati ya poda. Shangazi alimtazama dereva kupitia kioo. Uso wake ulikuwa mkavu, mtulivu, na mguu wake haukutikisika kwenye mafuta.

Shangazi akachovya kidole, akagusisha ncha ya ulimi, akatema. Maji ya rejeta ni sumu, na utamu wake ndio unaowaua mbwa wa watu. Haya hayakuwa matamu. Yalikuwa ya chumvi.

Akaenda kwa mume wake, akamgonga kofia.

"Ni machozi," akasema.

"Ya nani?"

"Ya dereva."

Mchomeleaji akainua kofia, akatafakari. "Chumvi itakula rejeta," akasema.

"Ndilo ninalolihofia."

Si kwamba Shangazi hakuwahi kukutana na mambo ya aina hiyo. Aliwahi kutengeneza kigari cha mwalimu mstaafu kilichopiga honi kila kengele ya shule ilipolia, na gari la maharusi lililokataa gia ya kurudi nyuma. Lakini machozi kwenye mfumo wa maji yalikuwa mageni kwake, na ukweli ni kwamba alifurahi kidogo, furaha ya fundi anayepata ugonjwa mpya. Kisha akamkumbuka yule mama asiyetaka uji, furaha ikamtoka.

Aliegemea dirisha la gari. "Umelia lini mara ya mwisho?"

"Mimi?" Dereva alifikiri kwa uaminifu. "Sikumbuki, Shangazi. Bosi anakaa hapo nyuma. Mtu utalilia wapi?"

"Basi gari inakulilia."

Dereva akasema ndiyo maana Jumapili inamwaga zaidi, kwani Jumapili dada yake hupiga simu mara nyingi. Kisha akaipapasa dashibodi kwa kiganja na kuiambia pole, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyempa ndugu yake mzigo mzito bila kujua.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe alasiri, kwa teksi. Hakuwa mtu mkali. Aliwasalimu wote, akamwuliza mchomeleaji hali ya macho yake, akakubali kiti chenye madoa ya oili bila kukifuta. Shangazi akamweleza kila kitu kwa mpangilio, geji, poda, shuka, simu, chumvi. Mkurugenzi alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa mahali panapostahili.

"Na hayo machozi yanaharibu injini?"

"Yataila rejeta. Kisha pampu. Yakifika kwenye silinda, hapo tumekwisha."

"Dawa yake?"

"Siku chache tu, bosi. Aende akamwone mama yake, arudi. Itakauka yenyewe, sitaigusa hata kwa spana."

"Lakini ruhusa nimeshaitoa," mkurugenzi alisema. "Nilimwambia, gari ikipona, aende."

"Haiwezi kupona kabla hajaenda."

Mkurugenzi akalipima jambo hilo kwa haki kabisa, mkono kidevuni. "Naelewa," akasema. "Ni tatizo gumu. Ndiyo maana nimekuja kwako." Akatazama ile chupa ya plastiki. "Mimi naona chupa ni ndogo. Ukiweka kubwa zaidi, yatamwagika?"

"Hayatamwagika."

"Na ukiyatenga yasirudi kwenye injini, yataharibu kitu?"

Shangazi alitamani kudanganya. Lakini aliulizwa swali la ufundi, na kwenye maswali ya ufundi hakuwa na ulimi mwingine.

"Hayataharibu kitu," akasema.

"Basi fanya hivyo."

Mkurugenzi alipoondoka, Shangazi alivua glavu akazitupa. Alisema hatalifanya, apeleke gari lake kwa wale waliobadilisha pampu nzima. Dereva alimfuata mpaka nyuma ya mapipa ya oili.

"Shangazi, tengeneza. Ukikataa, atatafuta dereva asiyelia. Na dawa za mama zinatoka kwenye usukani huu."

"Na wewe utakwenda lini?"

"Akiona gari imetulia, ataniachia. Ameahidi."

Shangazi akarudi, akaokota glavu.

Kazi waliyoifanya siku hizo, yeye na mume wake, ingestahili kuwekwa mahali watu wapite waione. Shangazi aligundua kwamba machozi hayachanganyiki na maji ya kijani ya rejeta. Yalikuwa mazito, yakatulia chini ya chupa, meupe, na ya kijani yakaelea juu yake. Kwa hiyo alitoboa chupa chini kabisa, akaunga bomba jembamba, akalipitisha kando ya fremu ya gari, mbali na joto la ekzosi, mpaka chini ya buti. Ndani ya bomba aliweka kilango cha mpira kinachofunguka upande mmoja tu, ili injini ikipoa na kuvuta maji isije ikavuta na uchungu wa watu. Mume wake akatengeneza tangi la chuma kisichoshika kutu, lenye bomba dogo la kufungulia, na mshono wake ulikuwa laini kiasi kwamba ukipitisha kidole kwa kufumba macho huwezi kuonyesha ulipo. Alipomaliza, alivua kofia akalitazama kwa muda.

"Mama," alimwita mkewe. "Sijawahi kuchomelea hivi."

"Najua," Shangazi akasema. "Wala mimi sijawahi."

Gari likarudi kazini. Ngazi za ofisi zikakauka. Mkurugenzi alifurahi sana, na alipokutana na wakurugenzi wenzake aliwaelekeza kwa Shangazi. Dereva aliomba ruhusa tena. Mkurugenzi akamwambia kwamba kwa haki, gari halijapona, limetulizwa tu, na wasubiri waone litakavyoendelea. Dereva akasema sawa. Tangi likapokea, bila kelele.

Alikuja kulimwaga kila lilipojaa. Shangazi alifungua bomba, wakasimama wawili wakitazama maji yakiingia kwenye mtaro, wakizungumza habari za matairi.

Siku moja akaja wakati usio wake, mchana, shati limenyooka vilevile. Alikuwa amemleta mkurugenzi kwenye mkutano uliokuwa karibu na hapo.

"Imejaa," akasema.

"Mbona ulimwaga juzi?"

"Mama amefariki. Wanazika kesho mchana."

Shangazi alipiga tangi kwa kifundo cha kidole. Halikutoa mlio wowote, lilikuwa limeshiba mpaka juu. Alipitisha mkono chini ya mshono, kwenye maungio, kwenye bomba. Pakavu. Alisema pole, akaisema tena, na hakuona kama imefika popote. Aliuliza kuhusu ruhusa, ingawa aliliona jibu limesimama mbele yake na shati lake jeupe. Wageni wa mkurugenzi walikuwa wanatua kesho, na lazima wapokewe.

Alipoinama kufungua bomba, dereva alimshika bega.

"Usimwage, Shangazi. Una madumu?"

Alikuwa nayo, yale aliyoyaosha kwa ajili ya maji ya betri. Wakayajaza, wakayakaza vifuniko. Dereva alipaswa kurudi kwenye mkutano, kwa hiyo Shangazi mwenyewe aliyabeba mpaka kituo cha mabasi, dumu moja kila mkono, hakumruhusu mtu kumsaidia. Kondakta wa basi la jioni akamwuliza ni maji ya nini.

"Ya msiba."

"Ya mtu aliyekosa nafasi?"

"Ndiyo."

"Yaweke mbele hapa, karibu na mimi," kondakta alisema. "Huko kwenye buti yatatikisika bure."

Kesho yake alasiri dereva alisimamisha gari karakana wakati wageni wakila ofisini. Hakuwa na shida yoyote na gari. Alikaa ndani, mlango wazi, mpaka simu ikaita, akaiweka sauti nje ili Shangazi naye asikie.

"Kaka, yamefika," dada yake alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio. "Tumeyamwaga pale pale, baada ya udongo. Wajomba walishika dumu moja, mimi nikashika moja."

"Yalitosha?"

"Yalitosha. Watu walisema yanaonekana ni ya mtu mmoja tu, na kwamba huyo mtu alimpenda mama yake."

"Ahsante, dada."

"Mama alikuulizia mpaka mwisho, kaka. Nilikuwa namwambia gari inakaribia kupona. Akawa anasema, basi liombeeni."

Dereva alisema sawa. Chini ya buti, tangi lilianza kutoa sauti ya maji yanayoingia, sauti nyembamba ya chombo kinachojaa. Shangazi alisimama kando ya gari, mikono yake mikubwa haina la kufanya. Kisha simu ikaita tena. Alikuwa mkurugenzi. Aliuliza kwa upole dereva yuko wapi, kwani wageni wamemaliza kula.

Dereva akafunga mkanda, akafunga mlango, akamwinulia Shangazi mkono. Gari likateleza mpaka getini, likapinda kuingia barabarani. Injini ilisikika vizuri, imepoa, na nyuma yake lami ilibaki kavu mpaka kule kwenye kona. Kazi hiyo ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kufanya. Shangazi aliisindikiza kwa macho, na akaomba kwa moyo wake wote ivuje.